Picha Sita za Anga

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kwa miaka mingi nilifundisha mawingu bila kuyatazama. Nilichora ubaoni yale ya kitabuni, nikawaambia wanafunzi wanakili, nikaweka alama za vema kwenye madaftari yao, na nje ya dirisha mawingu yenyewe yakapita juu ya mashamba ya chai bila mtu kuyajali. Hapa kwetu hakuna anayehitaji kutazama juu. Mvua yetu ina saa yake. Msimu wake ukifika inanyesha saa tisa alasiri, leo saa tisa, kesho saa tisa, na kila mtu ameshapanga siku yake kwa kuifuata. Wachumaji huingia shambani mapema ili majani yafike kituoni kabla ya saa tisa. Akina mama huanua nguo saa nane na nusu. Hata mwalimu mkuu wetu hupanga mikutano ya wazazi iishe saa nane, na akizidisha maneno mzazi mmoja huinua mkono na kuonyesha dirisha, basi anafunga kwa maombi.

Kwa hiyo nilipoitwa mjini Kericho kwa mafunzo ya kuchunguza mawingu, nilienda kwa sababu ya chakula cha mchana. Nisijifanye nilikwenda kwa sababu nyingine. Tulikuwa walimu wengi, wa Kericho na Bomet, na mkufunzi alitueleza kwamba setilaiti hupita juu yetu kila siku mapema mchana na kuyaona mawingu kutoka upande wa juu tu. Haiwezi kuona tumbo la wingu. Wanaoweza ni watu walio chini, na kwa nini wasiwe watoto wa shule? Wakati ule ule inapopita, wanafunzi watoke nje, wakadirie sehemu ya anga iliyofunikwa, waandike aina za mawingu, kisha mwalimu apige picha sita kwa simu yake: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu kabisa, na chini miguuni. Nikauliza miguuni kuna wingu gani. Watu wakacheka. Mkufunzi hakucheka, alisema ardhi ndiyo inayopika mawingu, na mpishi naye apigwe picha. Nilirudi nyumbani nikiwaza maneno hayo kuliko nilivyotaka.

Shule yetu ni ya kutwa, iko mlimani, si mbali na soko la Sosiot. Nilipotangaza klabu ya mawingu walijiandikisha wanafunzi kumi na mmoja, na watano kati yao walitaka tu kukwepa kuosha sufuria za githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana. Niliwachukua wote. Nilitoa kioo cha kabati langu la nguo, nikakichora mistari ya kalamu nyeusi mpaka kikawa na vyumba mia, tukawa tunakilaza kwenye nyasi na kuhesabu vyumba vilivyojaa wingu. Majina ya kitabuni waliyaandika kwenye fomu, lakini midomoni walikuwa na yao. Wingu la kutandaa liliitwa blanketi. Lile la mafundomafundo liliitwa kabichi. Na lile kubwa la radi, linalopanda mpaka likafika juu likabapa, liliitwa meza. Sheria yangu ilikuwa moja: andika unachokiona, usiandike unachokijua. Niliiweka baada ya mvulana mmoja kuandika "mvua kubwa" siku ambayo anga ilikuwa buluu tupu, na nilipomuuliza akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni ya saa tisa, inakuja.

Kati yao alikuwepo binti mmoja, wakati huo kidato cha pili. Mrefu, sweta limemfupia mikononi, na mpole kiasi cha kuniudhi, maana mimi napenda mtoto wa kunijibu. Wazazi wake walikuja huku kutoka upande wa ziwani, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Baba alifariki binti akiwa bado shule ya msingi. Mama hakurudi kwao; alipanga chumba pale sokoni na kuendelea kuishi kwa kibarua cha kuchuma chai kwenye mashamba ya watu. Shamba alilokuwa akichuma zaidi ni la mzee mmoja tunayesali naye, na liko ng'ambo ya bonde, mkabala kabisa na uwanja wetu. Kwa macho ni karibu. Ukisimama golini unawaona wachumaji wamevaa nailoni zao za manjano kiunoni, na ukiwa na macho ya yule binti unamtambua mama yako kwa kitambaa chekundu cha kichwani. Kwa miguu ni nusu saa, kwa sababu lazima ushuke mpaka mtoni na kupanda tena.

Huyo binti alikuwa anaona. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Siku ya tatu ya klabu alinivuta mkono akasema, "Madam, angalia. Ile ya juu inaenda huku, na hii ya chini inaenda kule." Nilitazama. Kweli, mawingu yalikuwa yanapishana, ya chini yakija kutoka ziwani na ya juu yakirudi huko. Nimezaliwa chini ya anga ile, nikabatizwa na kuolewa chini yake, na sikuwahi kuliona jambo hilo. Nilimwambia aandike. Aliandika, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, na tangu siku hiyo daftari la klabu likawa lake.

Mama yake alikuja kwenye mkutano wa wazazi muhula wa pili. Alikuwa mfupi, mcheshi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Nikamwambia binti yake ana jicho. Akacheka sana. "Huyo? Mwalimu, huyo akiangalia sufuria, mboga inaungua na yeye bado anaangalia." Lakini nilisikia kwamba shambani alikuwa anajisifu. Na alikuwa amepata faida yake: siku moja binti aliona mvua itawahi, akaniomba simu, maana shuleni kwetu simu ya mwanafunzi ni marufuku, akampigia. Mama alipokea mara moja. Simu yake aliifunga kwenye kijikaratasi cha nailoni na kuiweka kifuani, ndani ya nguo, hapo hapo. Akatoka shambani na wenzake, wakaenda kujikinga chini ya bati la kituo cha majani, na mvua ikaja saa nane kamili. Muhula uliofuata ikatokea tena. Mara zote mbili nilitoa simu bila neno, na mara zote mbili nikajisikia mwalimu hodari.

Hodari, ndiyo. Hapo ndipo nilipoharibikia. Kila tulipotuma picha, tulijibiwa kama zimelingana na za setilaiti, na nilianza kuyasubiri majibu hayo kama mtoto anavyosubiri mkate wa chai. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa upande wa Chepilat, tulikuwa naye kwenye kundi la simu la walimu wa mafunzo yale, na bwana huyo hakuwa na haya. Kila Ijumaa aliandika kwamba shule yake haijakosa siku hata moja. Tulikuwa tumeahidiwa cheti kwa shule itakayomaliza muhula bila pengo. Nilikuwa nataka cheti kile. Nilishachagua na ukuta wa kukitundika, kati ya picha ya rais na ratiba ya vipindi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa Mei, mwaka wa pili wa klabu, binti akiwa kidato cha tatu. Tangu asubuhi kulikuwa na joto la kubana, na githeri ilichelewa kuiva, basi tulitoka nje kwa haraka, mimi nikiwa bado natafuna. Setilaiti ilikuwa ipite saa saba na dakika arobaini. Magharibi, kule mvua yetu inakotoka, kulikuwa kweupe. Niliona hilo tu nikaridhika. Wanafunzi walilaza kioo, wengine wakaanza kuhesabu, na yule binti alikuwa amesimama peke yake ametupa kisogo, anatazama mashariki, juu ya msitu.

"Madam," akasema, "hii imefanya meza."

Nikageuka. Lilikuwa wingu moja, jeusi chini, limepanda mpaka limebapa, na ule ubapa ulikuwa umeanza kuja juu yetu.

"Vizuri," nikasema. "Andika."

"Haijawahi kuanza huko. Na inakuja haraka." Kisha akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie. "Madam, naomba simu nipigie mama."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshafungua ile programu ya picha, na simu yangu ni ya zamani. Ukitoka humo katikati inasahau pande zote na unaanza upya. Nilitazama saa. Zilibaki dakika mbili.

"Tukimaliza," nikamwambia.

"Ni dakika moja tu, madam."

"Mvua ni ya saa tisa. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Angekuwa mtoto mkaidi angenijibu, angebisha, angenikimbia. Nilimtazama, nikaona macho yake yako ng'ambo ya bonde, nikakasirika. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na yule bwana wa Chepilat kichwani. Nikamwambia, "Wewe umezidi sasa. Nenda ushike kioo, upepo unakisogeza."

Akaenda akashika kioo.

Nilipiga kaskazini. Nilipiga kusini, simu ile ya zamani ikichukua dakika nzima kuhifadhi kila picha. Mashariki nilipiga mara tatu, kwanza kidole kilikuwa kwenye lenzi, halafu mwanafunzi mmoja akapita mbele, halafu nikataka meza ile ionekane yote kwa sababu ilikuwa nzuri. Niseme tu: ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa nafikiria kundi la walimu. Upepo ukaja wa baridi ghafla, nyasi zikalala. Nikapiga magharibi. Ng'ambo ya bonde matone yalikuwa yameshaanza, na wachumaji walikuwa wakifanya kile wanachofanya siku zote yakianza: wanatua vikapu, wanasogea ukingoni, wanasimama chini ya mukima, ile miti mirefu ya kukinga upepo, mpaka yapungue waendelee. Ni kawaida. Nimefanya hivyo mwenyewe tangu utoto, kwenye shamba la baba yangu. Niliona kitambaa chekundu kikiingia chini ya mti. Nilikiona kabisa. Kisha nikainua simu juu kabisa, picha ya tano.

Mwanga na mlio vilikuja pamoja. Wasichana walipiga kelele, nikaanza kuwafukuza waingie darasani, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali. Yule binti hakupiga kelele. Alilaza kioo taratibu kwenye nyasi, akaja, akachukua simu mkononi mwangu bila kuomba. Akapiga. Niliisikia ikiita. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama wanavyofundishwa watoto wa huku kumpa mtu mzima kitu, na ndipo akakimbia. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, mara nyingi, na mvua ikawa imeshafika.

Walikuwa wanne chini ya mti ule. Watatu walipona, mmoja wao akiwa na alama mguuni ambayo ananionyesha mpaka leo kanisani akidhani napenda kuiona. Mama yake binti hakupona. Nilipofika, nimelowa, viatu vimejaa tope jekundu, walikuwa wamemfunika kwa nailoni yake ya manjano na binti amekaa chini karibu naye, ameshika ile simu iliyofungwa vizuri, kavu kabisa ndani ya karatasi yake. Ilionyesha namba yangu mara mbili.

Picha ya sita sikuipiga. Nilituma tano.

Ndiyo, nilizituma. Niliketi jikoni kwangu jioni ile, nikafungua simu ili nizifute, na badala ya kufuta nikatuma. Mpaka leo siwezi kueleza. Labda mkono ulikuwa umezoea.

Mazishi yalikuwa huko kwao, ziwani, nyumbani kwa marehemu mumewe. Mwalimu mkuu alinituma mimi niwakilishe shule, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa darasa, pamoja na wanafunzi wachache. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nitasema mtoto alionya. Nitasema aliomba simu nikamnyima. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, nikaikunja mara nne. Nilipopewa kipaza sauti niliona turubai limejaa watu, na jeneza, na binti amekaa kando yake anatazama miguu yake, na nikasema marehemu alikuwa mchapakazi, mpenda elimu, mfano mwema kwa wazazi wote wa shule yetu. Watu wakaitikia amina. Nikakaa.

Baba mdogo wa binti, mdogo wake marehemu baba, alikuja kunishika mkono kwa mikono yote miwili. Mkewe alinitafutia kiti chenye mto na kuniletea soda, na wali, na kipande cha nyama kikubwa kuliko cha wengine. "Asante kwa kutufunzia mtoto, mwalimu," akaniambia. Nilikula. Nilikuwa nasubiri mtu anigeukie, na hakuna aliyenigeukia, na polepole nikaelewa kwamba hawajui. Binti hakuwaambia. Nilifurahi. Naliandika neno hilo jinsi lilivyokuwa: nilifurahi, na soda ikashuka vizuri.

Binti hakurudi kwetu. Baba mdogo alimchukua, akaingia shule ya huko. Wiki chache baadaye tukapata barua pepe kutoka kwa watu wa setilaiti. Picha za Jumanne ile zilikuwa zimelingana na za setilaiti kwa namna ya kipekee. Walizisifu, hasa ile ya mashariki, wakasema ni nadra kupata wingu la aina hiyo likiwa limekamilika hivyo kutoka pande zote mbili, juu na chini. Mwalimu mkuu aliisoma gwaride la asubuhi. Hakujua ni Jumanne gani. Wanafunzi walipiga makofi, isipokuwa wale wa klabu, ambao walikuwa wananitazama mimi.

Nilifunga klabu siku hiyo hiyo. Nilikusanya madaftari, nikayafungia kabatini, na watoto wa kidato cha pili walipokuja kuniuliza kulikoni nikawafokea. Walikuja tena wiki iliyofuata, wawili wadogo, wakasema wanaweza kuendelea kuandika tu bila picha. Nikawaambia waende wakasome. Nilidhani najiadhibu. Nilijinyima kitu nilichokipenda, nikawa napita uwanjani nimeinamisha kichwa, na nikaona hayo ni malipo ya kutosha kwa mtu kama mimi.

Ulipoanza mwaka uliofuata, mama mdogo wake, yule mke wa baba mdogo, alikuja shuleni kwetu kuchukua karatasi za binti kwa ajili ya kumsajili mtihani wa kidato cha nne. Nilimkaribisha chai chumba cha walimu. Alikishika kikombe kwa viganja viwili, akapuliza, akasema, "Mwalimu, nikuulize. Huyu mtoto nasikia hapa alikuwa namba moja kwa mambo ya mawingu."

"Alikuwa," nikasema.

"Sasa siku ile ilikuwaje? Maana sisi tulimuuliza. Matanga haijaisha, watu wamekaa, baba mdogo wake akamuuliza, wewe ndiye mama yako alikuwa anasema unajua mvua, ilikuwaje hukumwambia? Akasema hakuangalia juu. Ati siku hiyo alikuwa anacheza na wenzake."

Nikamsogezea sukari.

"Baba mdogo alikuwa na uchungu, unajua yule ni kama dada yake. Akamwambia mbele ya watu wote, ungeangalia, mama yako angekuwa hai. Na mtoto akasema ndiyo. Ndiyo tu, hivyo. Tangu siku hiyo hata jua likiwaka hainui kichwa. Nikimtuma aanue nguo ananiuliza mimi kama mvua inakuja." Alinywa chai. "Nilidhani labda wewe unajua kitu."

Nikamwambia sijui. Nikamtafutia karatasi, nikapiga muhuri, nikamsindikiza mpaka langoni, na akanishukuru kwa chai. Woga wangu ulikuwa umeshakuwa mtu mzima kufikia hapo, unajua kazi yake. Lakini usingizi haukunirudia vizuri, na Jumamosi ya pili niliondoka asubuhi bila kumwambia mume wangu ninakwenda wapi.

Niliwakuta nyumbani wote wawili. Niliwaambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitapewa soda. Niliwaambia mtoto aliliona wingu kabla yangu, alinieleza, aliniomba simu mara mbili, na kwamba kutoka aliponiomba mpaka radi ilipopiga ni dakika kumi na mbili. Najua kwa sababu simu huandika saa kwenye kila picha. Niliwaambia mama yake angepokea. Mama mdogo alijifunika mdomo kwa kanga. Baba mdogo alitazama sakafu.

"Na ukala chakula chetu," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwambia mtoto yale maneno." Aliinuka, akatoka nje kupitia mlango wa mbele, na sikumwona tena siku ile.

Binti alikuwa nyuma ya nyumba, anasugua sufuria kwa majivu. Alikuwa amerefuka zaidi. Aliponiona alisimama, akajifuta mkono kwenye sketi, akanisalimia kwa adabu ile ile ya zamani, macho chini. Nilimwambia nimewaambia kila kitu. Nilisema pole, nikaisema vibaya, ikawa fupi mno, nikairudia.

"Mbona umewaambia, madam?" akauliza.

"Kwa sababu ni kosa langu na ni wewe unalibeba."

"Nilikuwa nimezoea." Aliinama akachukua sufuria, akaendelea kusugua. "Kama ningesema ni wewe, baba mdogo angekuja huko shule. Angeenda kwa mwalimu mkuu, angeenda kwa chifu. Wangesema hiyo klabu iliua mtu, wangeifunga. Na wale wa form two walikuwa wameanza tu kujua. Kuna kale kamoja kalikuwa kanaweza kutofautisha blanketi ya mvua na ya bure, kananishinda hata mimi." Alitabasamu kidogo kwa kumkumbuka. "Nikaona afadhali wanigombeze mimi. Mama alikuwa anaipenda hiyo klabu sana."

Na ndipo akainua uso, akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifike, kwa macho yale yale yaliyokuwa yakiona kila kitu.

"Sasa wako wangapi, madam? Daftari liko na nani?"

Ningeweza kudanganya. Mtu aliyetoka kudanganya karibu mwaka mzima hashindwi na siku moja zaidi. Lakini alikuwa ananitazama.

"Niliifunga," nikasema. "Niliifunga wiki chache baada ya wewe kuondoka. Hakuna aliyenilazimisha."

Mikono yake ilisimama ndani ya sufuria. Kwenye mazishi hakulia. Nilimtazama siku nzima, hakutoa chozi. Sasa yalishuka yenyewe, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa majivu mpaka kwenye viwiko.

"Basi nilidanganya bure, madam," akasema.